Maswali ya wasomaji: Hilo tunda sio baya, umelikata kabla ya siku yake

Barua za mara hii zimekuja nyingi na karibu zote zinazunguka pale pale: mtu kapata tunda ambalo hajalizoea, kaonja mara moja, likamkatisha tamaa na hajaligusa tena. Msimamo wangu nausema mapema kabisa, mara nyingi tunda lenyewe halina shida, shida ni kwamba limeliwa siku ambayo sio yake. Ndizi na embe tumekua nazo ndo maana tunajua lini ziko tayari bila kufundishwa, ila stafeli au sapota au mangostini (lile la mviringo lenye ganda nene la zambarau) hakuna aliyetuonyesha, alafu tunatoa hukumu kwa kuonja mara moja tu. Nimechagua barua chache, nyingine nimezifupisha, na pale mlipouliza kitu kimoja watu wengi nimewajibu pamoja.

Swali: Dada habari za kazi. Nilipata stafeli kubwa zuri la kijani nikalikata siku hiyo hiyo, likawa gumu, chachu, utamu hamna kabisa. La pili nikaliweka kwenye friji liive taratibu, likawa jeusi lote nikalitupa. Hivi watu wanalisifia nini hasa hili tunda?
*Niliyekata tamaa*

Jibu: Nzuri ndugu yangu, na usikate tamaa, maana yote mawili yaliyokupata yana maelezo.

Matunda yapo ya aina mbili. Kuna yale yanayoendelea kuiva yakishachumwa, yaani yakishakomaa mtini hata ukiyatoa yenyewe yanatengeneza gesi iitwayo ethilini, hiyo gesi ndo inayayeyusha wanga kuwa sukari na kulainisha nyama. Humo ndo wamo stafeli, topetope, fenesi, sapota, papai, pera na mangostini. Alafu kuna yale ambayo ukishalichuma basi, utamu uliolikuta nao ndo huo huo, halitaongeza hata chembe: shokishoki, lichi, zambarau, karambola (lile la umbo la nyota), pitaya (wengine wanaliita tunda la joka). Hili kundi la pili ukilichuma mapema umeshaharibu, litalainika au litasinyaa lakini kuwa tamu haliwi.

Stafeli lako liko kundi la kwanza, kwahiyo linachumwa likiwa gumu na hiyo ni sawa kabisa, alimradi lilikuwa limekomaa. Dalili ya kukomaa ni rangi kutoka kijani kile cha kukolea kwenda kijani kilichofifia chenye unjano kwa mbali, na vile vimiba vyake vinakuwa vimeachana, havijabanana tena. Liache mezani kwenye joto la kawaida la chumba, mara nyingi linachukua kama siku nne mpaka saba, kila siku unalibonyeza kidogo tu kwa kidole gumba, na siku kidole kinapozama kirahisi ndo siku yake, sio kesho yake. Ukitaka kuliharakisha liweke kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu, ile ethilini ya ndizi inalisukuma.

Sasa friji. Stafeli ni tunda la joto na chini ya nyuzi 12 hivi linaumia, friji ya nyumbani iko kwenye nyuzi 4 au 5, kwahiyo ulipoliweka likiwa bado gumu baridi imeua ule mchakato wote wa kuiva na ganda likageuka jeusi. Likishaiva kabisa unaweza kuliweka friji siku moja mbili, ganda litapiga weusi lakini nyama ya ndani inabaki nyeupe na safi, hilo usilitupe. Bora zaidi utoe nyama, uondoe mbegu zote, ugandishe.

Na kwa kuwa mmeuliza wengi kuhusu mengine ya namna hii, sapota (wengine mnaiita chiku) ikwangue ganda kidogo na kucha, ukiona kijani chini yake bado, ukiona rangi ya kahawia na inabonyea ndo iko tayari, ukiiwahi inakupa ukakasi mpaka ulimi unakuwa mzito. Mbegu zake zina kindoano upande mmoja kinachoweza kukwama kooni, kwahiyo mtoto mtolee mbegu kwanza. Topetope linachumwa pale macho yake yanapoanza kuachana na katikati panaonyesha rangi ya krimu. Mangostini ibonyeze kidogo kwa vidole, ganda likikubali ni nzuri, ganda lililokuwa gumu kabisa ni la zamani au liligongwa na ndani mara nyingi pameharibika. Na hii ya mangostini naipenda sana: geuza chini uangalie lile ua dogo lililobaki kwenye kitako, hesabu vipande vyake, idadi hiyo ndo idadi ya vipande vyeupe utakavyokuta ndani. Ukiona vingi basi vipande vitakuwa vidogo na mara nyingi havina mbegu kubwa.

Kuna na sapota nyeusi, ni jamaa ya mpersimoni (mti wa lile tunda la rangi ya chungwa linalofanana na nyanya) kutoka Mexico na Amerika ya Kati, hiyo ndo inayoonewa kuliko zote. Ikiwa ngumu hailiki, ukakasi wake haufai kabisa. Inatakiwa uisubiri mpaka ionekane kama imeoza, ganda la kijani limefifia na tunda linabonyea lote mkononi, watu wengi wanaitupa siku hiyo hiyo ambayo ndo walitakiwa kuila. Ndani unakuta nyama nyeusi laini ya rangi ya chokoleti. Ladha yake imepoa, sio chokoleti kweli kama wanavyoitangaza, lakini ukiisaga na maji ya ndimu au chungwa inaamka vizuri sana.

Swali: Mama yangu mdogo anaumwa saratani. Tumetumiwa ujumbe kwenye simu kwamba stafeli na chai ya majani yake inatibu kushinda dawa za hospitali. Ni kweli?
*Mwenye wasiwasi*

Jibu: Pole sana mpendwa, Mungu amjalie nafuu. Hapana, sio kweli, na nitakueleza huo ujumbe umetokea wapi. Kwenye majani, mbegu na nyama ya stafeli kuna kemikali moja inaitwa anonasini. Maabara imeonyesha inaua seli za saratani zikiwa kwenye kichupa, ndo hapo maneno yalipoanzia. Lakini kuua seli kwenye kichupa vitu vingi vinaweza, kazi ni kuua seli mbaya ndani ya mtu na nzuri zibaki, na hilo kwa binadamu halijathibitishwa.

Kuna upande ambao ujumbe wa simu hauusemi. Kemikali hiyo hiyo inaumiza seli za ubongo. Kwenye kisiwa cha Guadeloupe, tangu mwaka 1999 watafiti walichapisha taarifa za wagonjwa wengi wa ugonjwa unaofanana na Parkinson (ule wa kutetemeka mwili) lakini usiosikia dawa zake za kawaida, na wengi wao walikuwa watumiaji wa mara kwa mara wa stafeli na chai za majani ya jamii hiyo. Kula tunda bivu mara moja moja ni jambo moja, kunywa chai ya majani kila siku kwa miezi ni jambo jingine kabisa. Mbegu ni sumu, zisisagwe kwenye juisi hata kidogo, zitoe moja moja kabla ya kuwasha blenda. Na mama mdogo asiache matibabu yake, chochote anachokunywa pembeni amwambie daktari wake.

Swali: Shikamoo. Nina mti wa topetope una miaka mitano, unatoa maua mengi mno kila msimu lakini matunda mawili matatu tu, na hayo yenyewe yamepinda upande. Nimeweka mbolea mpaka nimechoka.
*Mkulima wa nyuma ya nyumba*

Jibu: Marahaba mwanangu. Mbolea pumzisha, mti wako hauna njaa, unakosa chavua, ule unga wa dume wa maua.

Ua la topetope, na la stafeli vilevile, lina jike na dume ndani ya ua hilo hilo moja, lakini haviamki pamoja. Linaanza kama jike, petali zake nene zimefunguka kidogo tu na pale katikati panang'aa na kunata, hapo liko tayari kupokea. Baadae, mara nyingi siku ya pili, petali zinafunguka wazi kabisa na linakuwa dume, linamwaga chavua, lakini muda huo upande wa jike umeshakauka. Kwahiyo ua lenyewe haliwezi kujisaidia. Huko asili yake Amerika ya kitropiki kazi hii inafanywa na vimbawakawa vidogo sana vinavyoingia kwenye zile petali na kutembea kutoka ua moja hadi jingine, nyuki hana habari nalo. Mahali ambapo vimbawakawa hao ni wachache, au hewa ni kavu, maua yanadondoka tu.

Basi kazi hiyo utaifanya wewe na ni rahisi. Tafuta brashi ndogo laini ya kupakia rangi. Alasiri pita kwenye mti, chukua maua yaliyofunguka wazi, yakung'ute juu ya karatasi au kichupa, utapata vipunje na unga wa krimu au kahawia, hiyo ndo chavua. Ihifadhi mahali pa baridi usiku huo. Asubuhi na mapema tafuta maua yaliyoanza kufunguka kidogo, panua petali taratibu kwa vidole, zungusha brashi yenye chavua kwenye kile kitovu cha katikati, zunguka pande zote usiguse upande mmoja tu. Muda unaweza kutofautiana kwa aina ya mti na hali ya hewa, kwahiyo siku za kwanza wewe yaangalie tu maua yako yanafunguka saa ngapi kabla hujaanza.

Na hapo kwenye kupinda ndo utafurahi. Topetope moja sio tunda moja, kila jicho lile ni tunda dogo lililotokana na kizalia chake chenyewe, alafu yote yameungana. Jicho lililopata chavua linanenepa na kuwa na mbegu, lililokosa linabaki bapa, ndo maana unaona limepinda upande. Tunda lako lilikuwa linakuambia kabisa kwamba chavua ilifika upande mmoja. Usipake ua kila moja, acha nafasi, matawi yake sio imara na mti mdogo ukibeba matunda mengi yanakuwa madogo yote.

Swali: Kama haya matunda ni mazuri hivo unavyosema, mbona hayafiki madukani kama ndizi na machungwa?
*Wasomaji kadhaa wameuliza*

Jibu: Swali zuri sana hili na jibu lake halihusu ladha. Duka linataka tunda lenye ganda la kuvumilia, linalochumwa bichi likaivia njiani, linalofanana moja na jingine, na linaloweza kupangwa kwenye boksi. Ndizi inafanya yote hayo, inachumwa ya kijani inasafiri baharini wiki kadhaa alafu inapulizwa ethilini ikifika. Sasa chukua jabotikaba ya Brazil, tunda dogo jeusi linaloota moja kwa moja kwenye shina la mti, yaani shina lote linavaa matunda toka chini mpaka juu, ganda lake nyororo, ndani maji matamu, lakini ukishalichuma baada ya siku tatu nne linaanza kuchacha. Hilo utalisafirisha vipi? Bibo ndo kabisa, siku moja tu limeshaanza kuharibika, kwahiyo dunia nzima inakula korosho na bibo lililokuwa limeishikilia, zito mara kadhaa kuliko korosho yenyewe na lenye vitamini C mara nne tano ya chungwa, linaachwa chini ya mti kwa wingi wa kusikitisha.

Sababu ya pili ni mbegu. Mbegu za mangostini, shokishoki na fenesi zikikauka zinakufa, haziwekwi kwenye pakiti kama za nyanya, inabidi zipandwe zikiwa mbichi mara tu zinapotoka kwenye tunda. Na mangostini iliyopandwa kwa mbegu unaisubiri miaka nane, kumi, wakati mwingine zaidi, ndo uone tunda la kwanza, mkulima gani mwenye watoto wa kulisha atasubiri hivo. Shelisheli ndo lenye kisa kikubwa zaidi. Aina zake nyingi nzuri hazina mbegu kabisa, zinaoteshwa kwa machipukizi ya mizizi, kwahiyo Waingereza walipotaka kulihamisha kutoka Tahiti kwenda visiwa vya Karibi ilibidi wabebe miche hai baharini. Nahodha William Bligh alipakia zaidi ya miche 1,000 kwenye meli ya Bounty, na mwezi wa nne 1789 mabaharia wake wakaasi, wakamshusha kwenye mashua na miche yote wakaitupa baharini. Alirudi tena na meli nyingine, na mwaka 1793 ndo miche ikafika Saint Vincent na Jamaica. Yaani tunda moja limehitaji safari mbili za kuzunguka nusu dunia kwa sababu tu halina mbegu.

Kwahiyo unaposikia tunda fulani halijulikani usidhani watu waliliona wakalikataa, mengi hayakupata hata nafasi ya kuonekana.

Swali: Bibo linanikausha koo. Kuna namna ya kulila?
*Mpenda korosho*

Jibu: Ipo. Ukakasi ule ni tanini, na unapungua sana ukichukua mabibo yaliyoiva hasa, yenye rangi kamili ya njano au nyekundu, yanayoachia mtini yenyewe kwa kuguswa. Yapike kwa mvuke dakika chache au yachemshe kwenye maji yenye chumvi kidogo kisha uyasuuze. Kwa juisi, kamua, tia maji mazito ya wali uliochemshwa, koroga, acha itulie, tanini inashikana na wanga na kuzama chini, unamimina ile safi ya juu. Kule Piauí kaskazini mashariki mwa Brazil, ambako mkorosho ndo kwao, wanaisafisha juisi mpaka inakuwa angavu kabisa, alafu wanaichemsha ikiwa ndani ya chupa mpaka inageuka rangi ya dhahabu, inaitwa kajuina na inakaa muda mrefu bila kuharibika. Ila ile korosho mbichi iliyoning'inia chini usiitie mdomoni, ganda lake lina mafuta yanayounguza ngozi.

Swali: Dada yangu naomba unijibu haraka. Mzee wangu ana tatizo la figo, na kuna mtu kamletea juisi ya karambola, lile tunda ukilikata linatoa umbo la nyota, eti inashusha presha. Anywe?
*Mtoto wa mzee*

Jibu: Asinywe. Hata glasi moja asinywe, na hata kipande cha kuonja. Naomba hili mlisome wote mnaoishi na mgonjwa wa figo.

Karambola kwa mtu mzima mwenye afya, kwa kiasi, ni tunda la kawaida la kuburudisha. Kwa mtu ambaye figo zake hazifanyi kazi vizuri ni hatari ya kweli. Lina asidi ya oksaliki nyingi inayoziba figo, na juu yake lina sumu ya neva ambayo mwaka 2013 watafiti wa Brazil waliitambua na kuipa jina karamboksini. Figo nzima zinaitoa sumu hii nje, figo mbovu haziwezi, inapanda kichwani. Dalili huanza na kwikwi isiyokata, hiyo kwikwi ni dalili muhimu sana, alafu kutapika, kuchanganyikiwa, degedege, na watu wamekufa. Akiwa ameshakunywa na ana kwikwi mpeleke hospitali sasa hivi na uwaambie kabisa kwamba ametumia karambola, maana matibabu yake ni kusafishwa damu na wasipojua watapoteza muda.

Ndugu yake karambola ni birimbi, lile dogo la kijani chachu. Kiungo kidogo kwenye chakula ni sawa kwa mwenye afya, lakini kuna waliosaga juisi yake nzito wakanywa kila siku kushusha kolesteroli, na huko Kerala India madaktari wameripoti watu waliokuwa wazima wakafeli figo kwa sababu hiyo.

Na nikiwa hapo hapo niseme na mawili mengine. Aki, tunda la Afrika Magharibi linalopendwa sana Jamaica, lazima lijifungue lenyewe mtini mpaka mbegu nyeusi zionekane, na kinacholiwa ni ile nyama ya krimu tu baada ya kuchemshwa na maji yake kumwagwa, mbegu na kile kiutando chekundu ni vya kutupa. Likiwa bichi lina kemikali inayozuia mwili kutengeneza sukari yake wenyewe, ndo maana Marekani ilizuia kuliingiza toka 1973 hadi 2000. Lichi nayo ina kemikali za jamii hiyo: huko Muzaffarpur India watoto walikuwa wanaugua ghafla asubuhi msimu wa lichi, utafiti uliofanyika 2014 na kuchapishwa 2017 ukaonyesha wengi walikuwa wamekula lichi nyingi na usiku wake hawakula chakula. Mtoto aliyeshiba hana tatizo na lichi chache, mtoto aliyelala njaa asipewe bakuli zima.

Swali: Nina ua la monstera sebuleni, lile la majani makubwa yenye matundu. Nimesikia lina tunda. Ni kweli na linalika?
*Mpenda maua*

Jibu: Kweli kabisa, na ni tamu, watu wanaishi nalo miaka hawajui. Asili yake ni misitu ya kusini mwa Mexico mpaka Panama, linapanda juu ya miti, na likipata mwanga na nafasi linatoa tunda refu la kijani mfano wa hindi bichi lililofunikwa na magamba. Sebuleni huwa halichanui, hilo nikuambie mapema, bustanini kwenye joto ndo utaliona.

Hapa subira ndo kila kitu. Kutoka ua hadi tunda kuiva ni kama mwaka mzima. Likiwa bichi limejaa fuwele za oksaleti zenye umbo la sindano, ukilitafuna zinachoma mdomo na koo vibaya sana. Linaiva kidogo kidogo kuanzia kwenye kikonyo kwenda nchani, na lenyewe linakuonyesha: magamba yanaanza kuachia. Likate hapo, lisimamishe kwenye glasi au lifunge kwenye mfuko wa karatasi, kila siku kula ile sehemu tu ambayo magamba yamedondoka yenyewe bila kulazimishwa. Ukihisi kuwashwa simama, umelitangulia. Likikaa sawa harufu yake ni nanasi na ndizi kwa pamoja, jikoni panajaa.

Swali: Lipi linalizidi chungwa kwa vitamini C?
*Mama wa watoto watatu*

Jibu: Mengi mama, na la kwanza umelizoea mpaka hulioni: pera. Chungwa lina kama miligramu 53 kwenye gramu 100, pera lina kama 228. Ubuyu nao uko juu, ingawa unatofautiana sana mti kwa mti, na una raha ya kujikaushia wenyewe ndani ya ganda ukakaa muda mrefu, ila usiuchemshe sana maana vitamini C na moto haviendani, uloweke. Wakubwa kabisa ni acerola (tunda dogo jekundu mfano wa cheri), kama miligramu 1,700, na kamu-kamu ya kingo za mito ya Amazon ambayo inapita hata 2,000, lakini mtu hahitaji kiasi hicho na wala huhitaji kununua poda zake za gharama. Pera moja kwa kila mtoto linatosha siku nzima.

Swali: Shikamoo shangazi, nimeona video ya tunda dogo jekundu ukilila ndimu inakuwa tamu. Ni mchezo wa kamera?
*Mwanafunzi*

Jibu: Marahaba kijana. Sio mchezo. Ni tunda la miujiza la Afrika Magharibi, Mfaransa mmoja aitwaye des Marchais alishaandika habari zake mwaka 1725 alipoona wenyeji wakilitafuna kabla ya kula vitu vichachu. Lenyewe halina utamu wa maana, ila lina protini inayoitwa mirakulini, ilitenganishwa maabara mwaka 1968. Hiyo protini inajishikiza kwenye vile vipokeo vya utamu vya ulimi na inakaa kimya, ikija asidi inabadilika umbo na kuvisisimua, kwahiyo kila kichachu unakisikia kitamu, kwa nusu saa mpaka saa mbili hivi. Joto linaiua, kwahiyo jamu yake haifanyi kitu. Angalia tu usile ndimu kumi kwa kunogewa, ulimi umedanganyika lakini tumbo na meno bado yanapokea asidi ile ile.

Swali: Nina kieneo kidogo, nataka nipande tunda moja lisilo la kawaida. Nishauri.
*Mwenye hamu*

Jibu: Kwanza usipande fenesi, ule mti unakuwa mkubwa na tunda moja linaweza kupita kilo 30, utajuta na ukuta wako. Epuka pia kupanda mche mmoja wa mng'ongo au wa shokishoki uliotoka kwenye mbegu, miti hiyo ina dume na jike mbali mbali, unaweza kumwagilia miaka saba ukajikuta una dume.

Mimi ningekupa topetope. Mti hauwi mkubwa, unavumilia ukame kiasi, unazaa baada ya miaka mitatu hivi hata kwa mbegu, na sasa umeshasoma hapo juu jinsi ya kuusaidia na brashi. Kama una subira na kivuli kidogo, jabotikaba inakaa hata kwenye pipa kubwa miaka mingi, ila ya mbegu ni miaka nane au zaidi, kwahiyo tafuta mche uliobebeshwa (uliounganishwa na kitawi cha mti unaozaa tayari), na usiiache ikauke udongo hata mara moja. Ukipanda topetope, chimba shimo pana kuliko kina, maji yasituame, maana mizizi yake ikilala kwenye maji inaoza haraka, na kila mwaka majani yakishapukutika punguza matawi kwa theluthi, maua yanakuja kwenye machipukizi mapya.